Barua Zilizovaa Hariri

Nyuma ya Chandni Chowk, katika Delhi ya zamani, kuna kichochoro kinachoitwa Kinari Bazaar. Ukinyoosha mikono miwili unakaribia kugusa maduka ya pande zote. Humo hauzwi mchele wala sufuria, ni mapambo ya harusi tu: pindo za sari, mikanda ya zari iliyoviringwa kama kamba za jahazi, vilemba vya mabwana harusi, mashada ya noti mpya yaliyokunjwa kama maua. Nilikuwa Delhi na mama mdogo, aliyekwenda kutibiwa goti, na zile siku za kungojea majibu ya vipimo nilizitumia kutembea. Mwenye duka mmoja, mzee wa miwani mizito, aliniita didi, yaani dada, kama wanavyomwita hapa mwanamke wasiyemjua jina, akanitilia mkononi kijifuko cha kitambaa kizito kilichofumwa kwa nyuzi za rangi ya dhahabu. Mdomo wake ulifungwa kwa kamba ya hariri yenye vishada viwili. Hiki, akasema, ni potli. Mgeni wa harusi hupewa zawadi ndani yake. Kitambaa chenyewe ni kimkhab, na wafumaji wake hodari wako Banaras, ukingoni mwa mto Ganga.

Nikakigeuzageuza. Kwetu Unguja mwaliko wa harusi siku hizi huingia kwenye simu, picha moja kwa watu mia tatu. Nilipokuwa mdogo mama aliyetumwa kualika alipita nyumba kwa nyumba, akaketi, akapewa maji, akauliza hali za watoto wote, na mwisho kabisa akasema kilichomleta. Nilinunua kile kijifuko bila kujua nitakitia nini.

Siku mbili baadaye nilikiona tena kitambaa kile kile, safari hii nyuma ya kioo.

Nyaraka za Taifa za India ziko barabara ya Janpath, katika jengo la mawe mekundu na ya rangi ya mchanga lililochorwa na Edwin Lutyens, yule aliyeupanga mji mpya wa Delhi. Idara yenyewe ilianzishwa Calcutta mwaka 1891, ikahamia hapa mwaka 1926. Nje kuna kelele za bajaji na wauza miwani. Ndani unasikia feni na kurasa zinazogeuzwa. Katika kabati moja palilazwa mfuko mwembamba wa kimkhab, urefu wake kama dhiraa, nyuzi zake za dhahabu zimeanza kuwa nyeusi. Kando yake palikuwa na mfuko wa pili wa melimeli nyeupe, ambao hukaa ndani ya ule wa kwanza, na ndani ya ule wa pili hukaa karatasi iliyonyunyizwa chembe za dhahabu, imekunjwa nyembamba, imejaa maandishi ya Kifarsi yanayopanda kidogo kila mstari unapokaribia mwisho. Kutoka mdomo wa mfuko ilining'inia kamba ya hariri, na kwenye kamba, bonge la lakiri nyekundu, pana kama kisahani cha kikombe cha kahawa, limepigwa muhuri.

Mfuko huu unaitwa kharita. Barua iliyomo pia inaitwa kharita. Jina la vazi limekuwa jina la mvaaji, na sioni ajabu, kwani kwetu nako kamusi za zamani zinaieleza bahasha kuwa mfuko au mkoba, kabla haijawa karatasi ya kugundishwa kwa ulimi. Hata lakiri ina safari yake. Hutoka kwa wadudu wadogo wanaokaa mitini huku India. Jina lake lina asili ya huku huku, nasi tukalipata kutoka kinywani mwa Wareno. Nilisimama mbele ya kioo kile nikiona kwamba msamiati wa karani wa Unguja na wa karani wa Jaipur umepita kwenye mashua zile zile.

Karani wa pale, kijana mwenye subira, alinieleza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Katika mabaraza ya watawala wa Rajputana, barua zilikuwa na majina kulingana na nani anamwandikia nani. Mdogo akimwandikia mkubwa, hiyo ni arzdasht, ombi. Mkubwa akimwandikia mdogo, hiyo ni parwana. Mtawala akimwandikia mtawala mwenzake, hiyo ndiyo kharita. Basi kabla hujafungua, kabla hujasoma hata neno moja, umeshajua umekaa wapi kwenye mkeka. Mwingereza alipomwandikia Maharaja barua ndani ya mfuko wa kimkhab, alikuwa akimwambia kwa kitambaa: wewe na mimi ni sawa.

Sasa weka pembeni ya kitambaa hicho mikataba ya mwaka 1818, aliyoifunga afisa wa Kiingereza Charles Metcalfe hapa Delhi na watawala wa Udaipur, Jodhpur, Jaipur na wengineo. Ibara ya kwanza ni urafiki wa milele: rafiki wa mmoja ni rafiki wa wote wawili, na adui ni vivyo hivyo. Ibara chache mbele, Maharaja anakubali kushirikiana kama aliye chini, na anakubali kutokuwa na mahusiano na dola nyingine yoyote bila idhini ya Waingereza. Kisha inafuata sentensi moja iliyonigusa kuliko zote: barua zake za kawaida za kirafiki kwa marafiki na jamaa zitaendelea. Mfikirie mfalme, mwenye ngome na tembo na majeshi, akihitaji mkataba umruhusu kumwandikia binamu yake salamu za ndoa.

Ndivyo ulivyokuwa mpango. Dola za wafalme wa India zilikuwa zaidi ya 560, kubwa kama Hyderabad na ndogo kama shamba, na kila moja ilielekezwa upande mmoja tu, kwa afisa wa Kiingereza aliyewekwa kuisimamia. Katika dola kubwa aliitwa rezidenti. Wazee wa Unguja wanalijua neno hili; nasi tulikuwa na wetu hadi mwaka 1963. Majirani wawili waliopakana kwa mto hawakuweza kupatana juu ya mpaka bila ya neno kupita kwake. Barua zilikuwa nyingi, tena za urafiki mtupu, lakini njia ilikuwa moja.

Nitasema kidogo juu ya urafiki huo, maana nimelelewa humo. Babu yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua zake zilizobaki zinaanza kwa majina ya heshima ya mpokeaji yaliyopangwa kama shanga: jenabi, mpenzi, mkarimu, mwenye fadhila. Kisha salamu, kisha hali, kisha salamu za jamaa mmoja mmoja. Ipo moja ya kurasa mbili ambayo haja yake ni mstari mmoja: apelekewe magunia mawili ya mbata. Shuleni tulifundishwa kwamba hayo ni kupoteza karatasi. Delhi nimeelewa kwamba hayakuwa pambo. Katika Kifarsi cha mabaraza majina hayo huitwa alqab, na kila mtawala alikuwa na yake, yaliyohesabiwa na kuhifadhiwa. Serikali ya Waingereza iliweka orodha: huyu aandikiwe maneno haya, yule apunguziwe hili, huyu aitwe rafiki, yule aitwe rafiki mpendwa. Ukiondolewa neno moja kwenye anwani, baraza zima lilijua. Munshi, yaani karani wa Kifarsi, aliisoma barua kwa sauti mbele ya watu, na masikio yalikuwa kwenye mistari ile ya mwanzo ambayo sisi tunairuka.

Kwa miongo mingi Waingereza walicheza ngoma hii kwa mdundo wake. Gavana Mkuu alikuwa na ofisi nzima ya Kifarsi Calcutta, yenye wakalimani na munshi, na barua za Kiingereza ziligeuzwa kuwa Kifarsi cha mabaraza kabla hazijavishwa kimkhab. Walijifunza pia mambo yaliyozunguka barua: joho la heshima analovishwa mgeni, sarafu ya dhahabu anayotoa mdogo kwa mkubwa, na mwisho wa mazungumzo, marashi na tambuu. Hilo la tambuu lilinifurahisha. Hapa Delhi muuza tambuu yuko kila kona, majani yamelowekwa kwenye maji, na anafunga pembe tatu kwa vidole viwili kama bibi wa Mkunazini. Lakini kule kwenye baraza, tambuu ilikuwa saa: ikiletwa, mazungumzo yamekwisha, mgeni anyanyuke. Na ilitazamwa nani amekupa kwa mkono wake, mwenye nyumba au msaidizi wake.

Mwaka 1837 Kifarsi kiliondolewa katika mahakama na shughuli za serikali. Pole pole Kiingereza kikapanda hadi kwenye barua za wafalme wenyewe. Heshima nayo ikahama kutoka kwenye maneno ikaenda kwenye vitu vinavyohesabika. Mizinga, kwa mfano. Kila mtawala mkubwa alipangiwa idadi ya mizinga ya kumlaki, daima isiyogawanyika kwa mbili, kuanzia 9 hadi 21. Waliofikia 21 walikuwa watano tu mwishoni: Hyderabad, Mysore, Baroda, Gwalior na Kashmir. Makamu wa Mfalme wa Uingereza alipigiwa 31. Tarehe 1 Januari 1877, katika mkutano mkubwa uliofanyika hapa Delhi kumtangaza Malkia Victoria kuwa Malkia Mkuu wa India, Makamu wake, Lord Lytton, aliwagawia wafalme bendera zenye nembo za Kizungu zilizobuniwa kwa ajili yao. Watu ambao nasaba zao zilisomwa na washairi kwa saa nzima walipewa ngao zenye wanyama waliochorwa na afisa mmoja.

Nilitaka kuona mahali ambapo barua ilishindwa. Nikapanda treni ya asubuhi kwenda Jhansi, kilomita 400 na ushei kusini mwa Delhi. Treni zao ni jambo la kusimulia peke yake: mtu anakuletea chai, gazeti na chupa ya maji kabla hujauliza, na abiria wanavua viatu na kukunja miguu kama wako sebuleni kwao. Mji wenyewe umekaa chini ya kilima cha mawe, na juu ya kilima ngome ya mwaka 1613. Karibu na mlango umelazwa mzinga unaoitwa Kadak Bijli, na watoto wa shule huupanda kupigwa picha. Mwalimu wao aliwaonyesha ukuta ambao husimuliwa kwamba Rani Lakshmibai, malkia wa Jhansi, aliruka kutoka juu yake akiwa farasini, mtoto kamfunga mgongoni. Kila mtoto alitaka kuchungulia chini. Nami nikachungulia. Ni mbali sana.

Watoto hawakuonyeshwa barua, na mimi ndizo nilizokuwa nikizifikiria. Mume wa Rani, Gangadhar Rao, mtawala wa Jhansi, hakuwa na mtoto aliye hai. Tarehe 20 Novemba 1853, akiwa mahututi, alimchukua mtoto wa miaka mitano wa ukoo wake awe mwanawe, mbele ya Meja Ellis na afisa mwingine wa Kiingereza, akakabidhi barua ya kuomba mtoto atambuliwe na mjane aendeshe utawala mpaka akue. Kesho yake akafa. Gavana Mkuu, Lord Dalhousie, alikuwa na kanuni yake: dola tegemezi isiyo na mrithi wa damu inarudi kwa Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki, iliyotawala wakati ule. Rani aliandika kharita, kisha nyingine. Hakuandika kilio. Aliandika kama wakili: akataja mkataba wa mwaka 1817, uliotambua warithi wa Jhansi daima, akataja majirani, Orchha na Datia, ambako mtoto wa kulea alikubaliwa. Alitumia lugha ile ile ya urafiki waliyomfundisha kwamba ndiyo lugha ya haki. Mwaka 1854 Jhansi ikatwaliwa, naye akapangiwa rupia 60,000 kwa mwaka.

Watu wengi wanamjua kwa upanga. Alikufa nao, karibu na Gwalior, Juni 1858. Lakini mimi nilikaa kivulini kwenye ngome ile nikihesabu miaka aliyoishika kalamu kabla ya upanga, na hata maasi dhidi ya Waingereza yalipofika Jhansi Juni 1857 bado aliwaandikia maafisa wa Kiingereza kueleza msimamo wake. Nilisikia uchungu kwa ajili ya barua zile kuliko kwa ajili ya vita. Vita mtu anaijua ni vita. Barua iliyoandikwa kwa adabu zote, ikafungwa kwa hariri, ikapigwa muhuri, kisha isihesabiwe kuwa hoja, hiyo ni dhuluma isiyokuwa na mahali pa kwenda kushtakiwa.

Na tazama kilichofuata. Tarehe 1 Novemba 1858 tangazo la Malkia liliahidi kuheshimu mikataba, haki na hadhi ya wafalme wa India. Mwaka 1862 Lord Canning aliwapa zaidi ya watawala mia moja hati za kuwahakikishia kwamba mtoto wa kulea atatambuliwa. Miaka minane tu baada ya Jhansi.

Jina la Canning lilinizindua. Ni yuleyule tuliyemsoma darasani. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombana: Thuwaini Maskati, Majid Unguja. Ugomvi ukapelekwa kwa Gavana Mkuu wa India, na tarehe 2 Aprili 1861 Canning akaamua: dola ziwe mbili, na Unguja ilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Uamuzi uliandikwa kwa namna ya barua, ukaanza kwa kumwita mpokeaji rafiki mpendwa na mheshimiwa, na ndugu wote wawili wakajibu kwa maandishi kwamba wameukubali. Darasani tulikariri tarehe na idadi ya riali. Hatukuambiwa kwamba meza ilikotoka barua ile ndiyo ilikotoka barua za Hyderabad na Gwalior, wala kwamba maneno rafiki mpendwa yalikuwa kwenye orodha. Kwa miaka mingi balozi wa Waingereza Unguja aliwajibika kwa serikali ya Bombay, na Sayyid Barghash alipoasi mwaka 1859 ni Bombay alikohamishiwa. Kumbe tulikuwa tawi la mti ule.

Basi nikipima kwetu na kwao, naona tofauti moja. Wafalme wa India walikuwa wengi, kwa hiyo heshima iligeuka ngazi, kila mmoja akimtazama aliye juu yake kwa mizinga miwili. Sultani wetu alikuwa peke yake. Hakuwa na jirani wa kujilinganisha naye ila ndugu yake wa Maskati. Huenda ndiyo sababu sisi hatukurithi ule uzito wa vyeo ninaouona hapa hata kwenye foleni ya hospitali, ambako mlango wa daktari una ubao wenye mistari minne ya shahada zake. Lakini upole wa mwanzo wa barua, ule tuliurithi wote, na wote tulipata kuuona ukitumiwa na watu waliokwisha kuamua.

Mwaka 1925 Nizam wa Hyderabad, Mir Osman Ali Khan, aliandika kudai jimbo lake la Berar, lililowekwa mikononi mwa Waingereza tangu 1853. Alikuwa na jina rasmi alilopewa na Waingereza wenyewe, Mwandani Mwaminifu wa Serikali ya Uingereza. Akaandika kama mwandani: kwamba katika mambo ya ndani ya dola yake yuko huru kama Waingereza walivyo huru katika India yao, na wakae wajadiliane. Jibu la Lord Reading, Makamu wa Mfalme wakati ule, la tarehe 27 Machi 1926 halikuzunguka: ufalme wa Uingereza ni mkuu katika India, na hakuna mtawala awezaye kudai kujadiliana nao kwa usawa. Miaka 108 baada ya mikataba ya Metcalfe, kitambaa kilivuliwa na karatasi ikasema yaliyokuwemo siku zote.

Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka, mikataba yote ile ilikufa usiku mmoja. Waziri Vallabhbhai Patel na katibu wake V. P. Menon waliwaletea watawala hati ya kujiunga na India. Ilikuwa fomu iliyopigwa chapa, yenye nafasi zilizoachwa wazi za kujaza jina la dola na jina la mtawala. Hati ya Kashmir, iliyosainiwa Oktoba mwaka ule, ina neno Agosti lililokatwa kwa kalamu.

Goti la mama mdogo lilifanyiwa kazi nzuri. Tuliporudi nyumbani nilimpa kile kijifuko cha Kinari Bazaar. Alikipapasa nyuzi, akafungua kamba, akachungulia ndani.

"Na barua yake iko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia kilikuwa kitupu tangu dukani. Hakunijibu. Alikwenda chumbani polepole kwa mkongojo wake, akarudi na mkebe wa biskuti zinamokaa barua za babu, akaanza kuzikunja upya, nyembamba, moja moja, ili zipite kwenye mdomo wa hariri. Ile ya magunia mawili ya mbata ilikuwa pana. Akaikunja mara ya tatu, ikaingia.